Wiki nane za kuandika na kuandika upya: tathmini ya kozi ya uandishi wa kitaaluma kwa wanafunzi wa utafiti

Nilijiunga na kozi hii nikiwa mwaka wa pili wa uzamivu, data zangu zikiwa zimekwisha kukusanywa, na sura ya mapitio ya maandiko ikiwa na kurasa 41 ambazo msimamizi alikuwa amenirudishia mara 3 kwa maneno yaleyale: "Bado haijakaa sawa." Sikujua ilipaswa ikae vipi. Sarufi ilikuwa safi, marejeleo yalikuwa tele, na kila mwandishi niliyemsoma alikuwa amepewa aya yake. Aliyewahi kurudishiwa kazi kwa sentensi ya namna hiyo anajua inavyokatisha tamaa, maana haikuoneshi pa kuanzia. Nami nikaamua kulipa ada ya kozi iliyokuwa ikitangazwa kwa wanafunzi wa utafiti, huku nikishuku kwamba ningefundishwa tena yale niliyoyasikia tangu shahada ya kwanza.

Kozi hufanyika mtandaoni kwa wiki 8. Kila wiki mwanafunzi hutazama mihadhara ya video isiyozidi saa moja, huandika zoezi la maneno 500 linalotoka katika tasnifu yake mwenyewe, hupokea maoni ya mkufunzi wa kundi lake, kisha husoma kazi ya mwenzake mmoja na kuitolea maoni. Mihadhara ni ya Kiingereza, ila mtu huruhusiwa kuandika kwa lugha ya tasnifu yake endapo yupo mkufunzi anayeimudu, na kundi letu lilipata bahati hiyo kwa Kiswahili. Jina la watoaji wa kozi naliacha kando, kwa sababu nina malalamiko kadhaa na baadhi yake huenda yalitukuta sisi tu. Isitoshe, kozi za aina hii ni nyingi na zinafanana kwa mpangilio, kwa hiyo anayefikiria kujiunga na yoyote kati ya hizo ataona hapa mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa.

Niseme mapema kwamba mihadhara ya video haina jambo ambalo mwanafunzi mwenye bidii asingelipata maktabani. Imepangwa vizuri, sauti inasikika, wahadhiri hawachoshi, lakini kuelezwa kwamba aya moja ibebe hoja moja ni jambo tofauti na kuoneshwa kwamba aya yako imebeba hoja tatu na kuziangusha zote. Thamani ya kozi imo katika maoni ya mkufunzi, na humo ndimo nitakamokaa zaidi.

Katika wiki ya 2 nilituma ukurasa mmoja wa mapitio ya maandiko, wenye sentensi 14. Ulirudi bila neno lolote pembeni. Mkufunzi alikuwa amepiga mstari chini ya neno la kwanza la kila sentensi, basi. Nilipoyasoma maneno hayo kutoka juu kwenda chini nilikuta majina ya watu 11, "Vilevile" mbili na "Pia" moja. Hakuna sentensi iliyoanza na jambo ninalolichunguza. Chini kabisa ya ukurasa ndipo alipoandika swali lake: "Wageni wote wamefika na wameketi. Mwenyeji yuko wapi?"

Tasnifu yangu inahusu namna wanafunzi wanavyoyatumia maoni ya walimu wanaporekebisha insha zao (najua kinaya kilichomo, mkufunzi pia alikiona na alicheka). Kabla ya kozi, aya zangu zilikuwa na sura hii: "Fulani alisema kwamba maoni ya maandishi ni muhimu. Fulani mwingine alisema kwamba wanafunzi hawayasomi kwa makini. Pia fulani wa tatu alisema kwamba…" Baada ya kuandikwa upya mara 4, aya hiyo ilianza hivi: "Swali la kama maoni ya walimu yana manufaa limejibiwa kwa kutegemea kile kilichopimwa. Anayelinganisha alama za rasimu mbili anapima mabadiliko ya insha. Anayemhoji mwanafunzi anapima uelewa wa mwandishi. Na mambo haya mawili hayalazimiki kwenda pamoja, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kufuta kosa alilooneshwa bila kujua kwa nini lilikuwa kosa." Watafiti ni walewale, hakuna aliyefukuzwa, ila majina yao yamehamia ndani ya mabano, mwishoni mwa hoja wanazoziunga mkono au kuzipinga. Jambo lililokuwa limenishinda kwa miezi 7 lilikuwa hilo: kuyapanga maandiko kwa hoja, badala ya kuyapanga kwa waandishi kama orodha ya mahudhurio.

Wiki iliyofuata ilihusu vitenzi vya kurejelea, na hapa Kiswahili kilitupatia utajiri ambao mihadhara ya Kiingereza haikuugusa. Katika kurasa zangu 41 kitenzi "alisema" kilitokea mara 63. Nilihesabu kwa kompyuta nikaona haya. Mkufunzi alitutaka tukibadilishe kila mahali, lakini kwa sharti kwamba kila kitenzi kipya kiwe na sababu. "Anadai" hubeba shaka ya anayenukuu. "Anabainisha" humpa mwandishi sifa ya kuona kilichokuwa kimejificha. "Anapendekeza" humwachia nafasi ya kukosea, "anakiri" humwonesha akilikubali jambo lisilomfaa, na "anathibitisha" ni kitenzi kizito ambacho mtafiti mwangalifu hukitoa kwa ubahili. Mimi nilikuwa nimeandika "alidai" kwa mtaalamu ambaye nadharia yake ndiyo kiunzi cha tasnifu yangu yote, halafu nikaandika "alithibitisha" kwa utafiti uliowahoji watu 12. Mtahini angeliona hilo kabla hajamaliza kikombe chake cha chai.

Wiki ya 4 ilishughulikia utangulizi, na ndiyo wiki ambayo sifa na kasoro za kozi zilikaa jirani zaidi. Somo lilijengwa juu ya kielelezo cha mwanaisimu John Swales, ambaye alichunguza namna makala za utafiti zinavyoanza na mwaka 1990 akazieleza hatua 3 zinazojirudia: mwandishi huonesha kwanza kwamba uwanja anaouingia una umuhimu, kisha huonesha pengo lililomo katika uwanja huo, na mwisho hueleza jinsi kazi yake itakavyoliziba. Kielelezo hicho ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye usuli wa tatizo lake unaanzia enzi za Wayunani. Hata hivyo, mihadhara ilikifundisha kana kwamba ni sheria, ilhali kilitokana na kutazama yanayofanywa na waandishi wa makala, na hakikukusudiwa kuwa amri. Wenzetu wawili wa fasihi na historia walilazimika kupindisha tangulizi zao ili zitoshee hatua hizo 3, na kazi zao zilizorekebishwa, kwa macho yangu, zilikuwa zimepoa kuliko zile za mwanzo.

Lakini ni wiki hiyohiyo iliyoniponya ugonjwa ambao nadhani wengi tunao, yaani ule wa kuandika "hakuna utafiti uliofanywa kuhusu mada hii" na kudhani kwamba tumelitaja pengo la maarifa. Mkufunzi aliizungushia duara sentensi yangu na kuandika maneno mawili, "Umetafuta wapi?", na mstari wa chini yake akaongeza: "Hata kama kweli hakuna, huenda ni kwa sababu hakuna anayehitaji kujua." Kauli ya kwanza ilinipeleka kwenye hifadhidata kwa siku 5, nikakuta tafiti 3 ambazo sikuwa nazijua. Kauli ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa ilinidai nieleze hasara inayopatikana kwa kutojua, yaani ni uamuzi upi wa mwalimu unafanywa gizani kwa sababu jambo hili halijachunguzwa. Aya iliyotokana na swali hilo ndiyo sasa tamko la tatizo la tasnifu yangu, na haina popote neno "hakuna".

Katika wiki ya 5, iliyohusu matokeo na mjadala, video zilieleza muundo wa sehemu 4 unaofuatwa na majarida ya sayansi na tiba, yaani utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, na zilitumia muda mrefu mno kuzitenganisha sehemu mbili za mwisho. Kanuni ni rahisi: katika matokeo unaeleza ulichokiona, katika mjadala unaeleza unachodhani kina maana gani. Kilichonifaa ni maoni kuhusu nyakati za vitenzi. Nilikuwa nimeandika, "Wanafunzi husoma alama kwanza na huyapuuza maoni." Mkufunzi aliniuliza ni wanafunzi gani. Nilikuwa nimewahoji 30, katika muhula mmoja. Kiambishi "hu-" cha mazoea hudai kwamba jambo ndivyo lilivyo siku zote na kwa watu wote, na data zangu hazikuwa na nguvu ya kulibeba dai hilo. Zilichoweza kubeba ni "wanafunzi 22 kati ya 30 walisoma alama kwanza", na baada ya hapo, kwa tahadhari, "hali hii inaashiria kwamba" au "huenda". Nimekuwa nikizungumza Kiswahili tangu nizaliwe, na sikuwahi kufikiri kwamba silabi moja inaweza kunivunjia hoja mbele ya mtahini. Tangu siku ile nikisoma makala ya mtu, jicho langu linaitafuta "hu-" kabla ya kutafuta kitu kingine.

Kutoka hapo kozi ilianza kuyumba. Wiki ya 6, iliyohusu marejeleo na wizi wa kitaaluma, ndiyo dhaifu kuliko zote. Saa nzima ilitumika kututishia asilimia za mfanano zinazotolewa na programu kama Turnitin, bila kueleza vya kutosha kwamba programu hiyo huonesha maandishi yanayofanana na yale yaliyomo katika hazina yake, na kwamba kuamua kama ni wizi au si wizi ni kazi ya msomaji. Tasnifu yenye manukuu mengi yaliyotajwa kwa haki inaweza kupata asilimia kubwa, na nyingine iliyoiba wazo zima kwa kubadilisha maneno ikapita kimya. Mwanafunzi anayeandika huku akiiogopa asilimia hujifunza kubadilisha maneno, na kubadilisha neno moja moja huku sentensi ya mwenye mali ikibaki na mifupa yake ndiyo njia ya mkato ya kuingia katika wizi wenyewe. Mkufunzi alijaribu kuokoa jahazi kwa zoezi zuri: tulisoma ukurasa mmoja, tukafunga kitabu, tukaandika tulichokielewa, ndipo tukafungua kuhakiki. Zoezi hilo la dakika 20 lilinifundisha mengi kuliko video zote za wiki ile.

Kuhusu mtindo wa marejeleo, nililokutana nalo lilinishangaza. Slaidi zilitutaka tuandike jina la mji wa mchapishaji katika kila kitabu, na zikaupigia mji huo mstari mwekundu, zikisema ndiyo kanuni ya mtindo wa APA, yaani ule wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Toleo la 7 la mwongozo huo, lililotoka mwaka 2019, liliondoa mji wa mchapishaji. Vilevile liliagiza kwamba kazi yenye waandishi 3 au zaidi ifupishwe tangu inapotajwa mara ya kwanza, kwa jina la mwandishi wa kwanza na "na wenzake", na kwamba namba ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha kazi mtandaoni, iandikwe kama kiungo kamili cha mtandaoni. Slaidi hazikuwa na hata moja kati ya hayo. Anayefuata slaidi hizo atarudishiwa kazi na jarida lolote makini linalotumia mtindo huo, na kwa kozi inayotoza ada, hilo ni kosa lisilo na utetezi. Tena hapakuwa na neno lolote juu ya programu za kutunzia marejeleo, kama Zotero, ambayo hupatikana bure na ambayo ingewaokoa wenzangu waliokuwa bado wanapanga marejeleo kwa mkono, herufi kwa herufi, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Akili mnemba iligusiwa kwa ukurasa mmoja ulioonekana kubandikwa baadaye, kwani video zenyewe zilirekodiwa kabla ya ChatGPT kutolewa Novemba 2022. Ukurasa huo ulisema kwa usahihi mambo mawili: kwamba programu hizo zinaweza kubuni marejeleo yasiyokuwapo, yenye majina na miaka inayoshawishi, na kwamba haziwezi kuorodheshwa kuwa mwandishi kwa sababu haziwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Tulichokihitaji ni mazoezi, kwa mfano kupewa aya iliyoandikwa na programu na kuambiwa tutafute pale ambapo hoja imekauka huku sentensi zikiendelea kutiririka. Kila kundi la wanafunzi wa utafiti lina mtu anayehitaji zoezi hilo, na mara nyingi si yule anayeshukiwa.

Sehemu ya kusomeana kazi haikufanikiwa. Tulianza watu 12, na kufikia wiki ya 6 tulibaki 5. Maoni niliyopokea kwa wenzangu yalikuwa ya aina ya "kazi nzuri sana, endelea hivyohivyo", na nakiri kwamba yangu kwao hayakuzidi sana hapo, kwa sababu hatukufundishwa namna ya kusoma rasimu ya mtu. Ni kazi inayofundishika. Ingetosha kila msomaji aagizwe kuandika kwa sentensi moja kile anachodhani ni hoja kuu ya mwenzake, ili mwandishi aone umbali uliopo kati ya alichokusudia na kilichofika. Mkufunzi naye, ambaye wiki za mwanzo alijibu ndani ya siku 3, alielemewa. Maoni ya ikisiri yangu (muhtasari mfupi wa utafiti) ya wiki ya 7 niliyapata siku 16 baada ya kuituma, kozi ikiwa imekwisha na ikisiri yenyewe imekwisha kutumwa kwenye kongamano. Inauma kidogo kusema hivyo, kwa kuwa maoni yenyewe yalikuwa mazuri: alinionesha kwamba katika maneno 250 nilikuwa nimetumia 140 kueleza usuli, na matokeo yangu yote yalikuwa yamesongamana katika sentensi ya mwisho kama abiria waliochelewa.

Wiki ya 8 ilijaribu kufundisha mambo mengi mno kwa mara moja: ratiba ya kuandika kila siku, kuchagua jarida, na kujibu maoni ya wapitiaji, yaani wataalamu wanaoisoma makala kabla jarida halijaikubali. Hili la mwisho lilipewa dakika 12, ilhali kwa mwanafunzi wa utafiti kujibu maoni ndiyo maisha yenyewe. Tulioneshwa jedwali la safu 3, yaani maoni ya mpitiaji, jibu la mwandishi, na ukurasa ulikofanyika mabadiliko, na likaachwa hapo. Ningependa kufundishwa jinsi ya kukataa pendekezo kwa adabu na kwa ushahidi, na jinsi ya kutenda pale wapitiaji wawili wanapopingana. Ningependa pia somo zima kuhusu kauli kama "bado haijakaa sawa": ni maswali gani mwanafunzi amwulize msimamizi, kwa heshima, ili apate jibu linaloweza kufanyiwa kazi. Mimi nimejifunza kupeleka sura pamoja na maswali 2 au 3 yaliyoandikwa juu yake, kama vile "Je, hoja ya ukurasa wa 9 inaongoza kwenye hoja ya ukurasa wa 10?", na tangu nianze kufanya hivyo majibu ya msimamizi yamekuwa marefu.

Sura ile ya kurasa 41 sasa ina kurasa 26. Niliipeleka kwa mara ya 4 wiki mbili baada ya kozi, nayo ikarudi na maoni 19, mengi yakiwa magumu kuliko yote niliyowahi kupewa, maana safari hii yalihusu hoja zenyewe: kwa nini nimeliacha kundi fulani la tafiti, na kama kiunzi changu kinaweza kuhimili data za mahojiano. Nilifurahi kubishiwa.

Kwa mwanafunzi ambaye ana rasimu mkononi na haelewi kwa nini inarudishwa, naipendekeza kozi hii licha ya kasoro zake. Asiyekuwa na rasimu asubiri, kwa kuwa mazoezi yote yanatoka katika tasnifu, na wenzetu waliokuja na mada pekee ndio waliotoweka mapema. Anayetafuta kanuni za marejeleo atazame mwongozo wa mtindo wake moja kwa moja. Na kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote ya aina hii, ni vyema kuwaandikia wahusika na kuuliza ni nani atakayesoma maandishi yako, atasoma maneno mangapi kwa wiki, anahudumia wanafunzi wangapi, na atajibu ndani ya siku ngapi. Kama majibu yanazungumzia idadi ya video, pesa hiyo ina matumizi mengine.

Kuhusu zile slaidi, niliwaandikia watoaji wa kozi nikaambatisha maelezo ya toleo la 7, nao wakanijibu kwa shukrani siku hiyohiyo. Miezi 5 baadaye rafiki yangu alijiunga, na katika wiki ya 6 akanitumia picha ya skrini yake bila maelezo yoyote. Mji wa mchapishaji ulikuwa bado umepigiwa mstari mwekundu.